Presha haina mtu wa kuitafuta

Mwanamke wa miaka 52 anayeishi na VVU, ambaye virusi vyake vimefubaa na hali yake ni nzuri, siku hizi anaweza kupewa dawa za miezi 6 kwa mara moja. Kwa hiyo anafika CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, mara 2 tu kwa mwaka. Anapimwa uzito, anaulizwa yale maswali ya kifua kikuu, anatia dawa zake mkobani na anarudi gengeni kabla mchicha haujanyauka. Mwanamke huyohuyo akikutwa na presha, habari inageuka. Anaandikiwa vidonge vya siku 30, mara nyingi vya kwenda kununua, na anaambiwa arudi mwezi ujao. Hizo ni safari 12. Akiongezewa na kisukari, ambacho kliniki yake ina siku yake na jengo lake, anakuwa mtu wa kuishi barabarani.

Mama mmoja niliyekaa naye benchi moja, siku nilipomsindikiza ndugu yangu kliniki, aliniambia kwamba VVU ameshavizoea na havimpi shida. Kinachomtisha ni presha. Hakuwa anatania. Alikuwa amepiga hesabu ya nauli. Ndiyo maana natetea huduma za presha na kisukari ziunganishwe na zile za VVU.

Mwaka 2003 maneno hayo yangeonekana ya mtu aliyechanganyikiwa. Ndio mwaka ambao Rais wa Marekani, George W. Bush, alitangaza PEPFAR, mpango wa nchi yake wa kugharamia vita dhidi ya UKIMWI, na mwaka uliofuata Tanzania ikaanza kutoa ARV bure katika hospitali za umma. Aliyeanza dawa wakati ule akiwa na miaka 32 sasa amevuka 50. Ana wajukuu, ana kitambi, magoti yanamuuma. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 ulikadiria kuwa Tanzania ina watu wazima wapatao milioni 1.5 wanaoishi na virusi. Kati ya waliokuwa wanajua hali yao, karibu asilimia 98 walikuwa kwenye dawa, na kati ya waliokuwa kwenye dawa, asilimia 94 walikuwa wamefubaza virusi. Nchi chache zinaweza kujivunia namba kama hizo kwa ugonjwa wowote.

Sasa tazama upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha, na wengi wao hawakuwa kwenye matibabu. Ni nchi ileile, wauguzi walewale, barabara zilezile za vumbi. Ugonjwa mmoja tumeufunga kamba shingoni, mwingine tunaupisha njia.

Watu wanaoishi na VVU wamekaa katikati ya hadithi hizo mbili, tena kwa sababu za kibiolojia. Hata dawa zinapofanya kazi vizuri, mwili wao hubaki katika vita ya chinichini isiyokwisha, na mishipa ya damu huchakaa mapema. Hatari yao ya kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo ni karibu mara mbili ya ile ya mtu asiye na virusi. Halafu kuna dawa zenyewe. Dolutegravir, ambayo ndiyo nguzo ya kidonge kimoja wanachomeza wengi leo, ni dawa nzuri mno: inafubaza virusi haraka na haisumbui kama efavirenz, dawa iliyoitangulia, na ndoto zake za ajabu. Lakini tafiti za Kameruni na Afrika Kusini zilionyesha kwamba wanaoitumia huongezeka uzito, hasa wanawake. Uganda nako madaktari waliripoti wagonjwa wachache ambao sukari yao ilipaa ghafla baada ya kuhamishiwa dawa hiyo. Sisemi watu waikimbie. Nasema anayeitoa ndiye anayepaswa kuwa na mashine ya presha na kipimo cha sukari mezani pake.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo mjadala huu wa kuunganisha huduma unapotoka kwenye semina na kuingia mwilini mwa mtu. Dolutegravir huongeza kiwango cha metformin kwenye damu, na metformin ndiyo dawa ya kwanza ya kisukari katika zahanati zetu zote. Ndiyo maana miongozo inataka anayemeza zote mbili asizidi miligramu 1,000 za metformin kwa siku. Sasa fikiria mgonjwa mwenye madaftari mawili. Moja la CTC, ambalo halitoki chini ya godoro. Jingine la kliniki ya kisukari, ambalo ni daftari la kawaida la mistari alilonunua dukani na kuliandika jina lake juu. Daktari wa kisukari anafungua hilo la pili, anaona sukari haijashuka, anapandisha metformin hadi 2,000. Kwa alichoandikiwa mbele yake, amefanya sawasawa kabisa. Mgonjwa naye hakusema kwamba anameza dawa nyingine, kwa sababu chumba kina watu watatu na mlango uko wazi. Wa kumlaumu ni nani?

Na si metformin pekee. Aliyehamishiwa atazanavir yenye ritonavir, dawa nyingine za VVU, akipewa amlodipine ya presha, amlodipine hiyo inakuwa na nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Akipewa simvastatin ya lehemu, hapo ni marufuku kabisa. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu, ambavyo akina mama hununua wenyewe bila kumuuliza mtu, hupunguza nguvu ya dolutegravir vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Ukitaka hoja moja tu ya kuziweka huduma hizi mezani pa mtu mmoja, chukua hii ya madaftari mawili na uziache takwimu zote.

Lakini tukubaliane kwanza tunaunganisha nini na nini. Watu wengi wakisikia kuunganisha huduma hufikiria majengo: ukuta ubomolewe, kibao kibadilishwe, foleni ziwe moja. Ubora wa CTC haukuwahi kuwa kwenye jengo. Baadhi ya CTC zilianzia kwenye kontena. Ubora wake uko kwenye utaratibu. Kila mteja ana namba. Kila namba ina tarehe ya kurudi. Tarehe ikipita bila mtu kutokea, jina linajitokeza kwenye orodha na simu inapigwa. Isipopokelewa, mhudumu wa ngazi ya jamii au WAVIU mshauri, yaani anayeishi na VVU aliyefundishwa kuwashauri wenzake, anatumwa nyumbani, akiuliza kwa adabu na bila kutaja jambo mbele ya majirani. Mteja akihamia mkoa mwingine, kuna barua ya uhamisho. Damu inapimwa wingi wa virusi, na jibu lisipopendeza, ushauri wa kumeza dawa unaanza upya kabla hajabadilishiwa dawa. Mganga mkuu wa wilaya akienda kwenye kikao cha robo mwaka, anaulizwa ni wangapi wamepotea na ni wangapi wamefubaza.

Presha haina chochote kati ya hivyo. Haina namba, haina orodha, na haina mtu wa kuitafuta. Mwenye presha asipokuja mwezi huu, hakuna anayejua. Asipokuja mwaka mzima, hakuna anayejua. Tunajua siku anapoletwa kwenye bajaji, mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki, na wenye busara waliosimama pale wanasema amerogwa.

Kwa hiyo ninapotetea kuunganishwa kwa huduma hizi, natetea jambo moja mahususi: mwenye presha aingizwe kwenye utaratibu wa CTC. Apewe namba. Apewe tarehe. Atafutwe asipotokea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. VVU ndivyo vilivyokuja na wageni, magari, kompyuta na wahasibu. Presha na kisukari ndio wenyeji waliokuwa wamelala ndani muda wote, na uponyaji haukuwafikia.

Wako walioliona hili mapema. Pale Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walianzisha mwaka 2001 mpango ulioitwa AMPATH kwa ajili ya kuzuia na kutibu UKIMWI. Baadaye wakabaki na herufi zilezile lakini wakabadilisha maneno yaliyomo ndani yake: UKIMWI ukatoka kwenye jina, ikaingia huduma ya afya kwa jumla. Nimekuwa nikiufurahia ujanja huo. Kibao kilibaki kilekile ilhali kazi ilipanuka hadi presha, kisukari, saratani na afya ya akili.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi ni utafiti wa INTE-AFRICA, uliofanyika Tanzania na Uganda na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2023. Vituo 32 viligawanywa kwa bahati nasibu, 17 vya Uganda na 15 vya Tanzania. Walioandikishwa walikuwa watu 7,028 wenye VVU, kisukari au presha. Katika nusu ya vituo, wagonjwa wote hao walihudumiwa na watumishi walewale, wakajiandikisha dirisha moja, wakasubiri mahali pamoja, wakachukua dawa duka moja, na mafaili yao yakafanana. Katika nusu nyingine kila ugonjwa ulibaki na kliniki yake kama kawaida. Baada ya mwaka mmoja, wenye kisukari au presha waliobaki kwenye huduma walikuwa asilimia 89 kwenye vituo vilivyounganishwa na karibu 90 kwenye vile vya kawaida. Na wenye VVU? Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 97 pande zote mbili.

Namba ya pili ndiyo nzito. Hofu kubwa ya watu wa VVU, nayo ni hofu ya haki, ilikuwa kwamba ukiingiza umati wa wenye presha kwenye kliniki yao, kilichojengwa kwa miaka 20 kitabomoka. Hakikubomoka. Namba ya kwanza, kwa upande wake, inatudai tusitie chumvi. Pande zote mbili zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo hakuna muujiza. Tena kubaki kwenye huduma si sawa na presha kushuka. Mtu anaweza kuhudhuria kila mwezi kwa uaminifu wote na bado akasoma 170 kwa 100, kwa sababu dawa aliyoandikiwa ni ileile ya mwaka juzi na hakuna aliyeona haja ya kuongeza ya pili.

Benchi la pamoja lina faida nyingine. Watu wengi huzipita kliniki tatu na kwenda ya nne, ya mbali, ili wasionwe na shemeji wakiwa wamekaa mbele ya mlango ambao mtaa mzima unaujua. Benchi likiwa na wa presha, wa sukari na wa VVU, halimsemi mtu tena. Shemeji akikuona, anadhani ni presha, na wewe hukusema uongo. Sharti lake ni kwamba faili lisiwe la rangi yake peke yake, na dirishani mtu asiitwe kwa dawa yake.

Haya yote yangekuwa mazungumzo ya kitaalamu tu kama isingekuwa mwaka 2025. Januari ya mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ingawa dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa baadaye, kishindo kilikuwa kimeshasikika. Kufikia Julai, USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa. Wengi wa wale waliokuwa wakipiga simu, wakijaza data na kuwafuata waliopotea walikuwa na mikataba ya miradi, si ajira za serikali. Ghafla neno kuunganisha likawa mdomoni mwa kila mtu. Kenya iliharakisha kuziingiza CCC, kliniki zake za VVU, kwenye huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, na wanaoishi na VVU wakapaza sauti kuhusu siri zao na kuhusu kuhudumiwa na mtu ambaye jana alikuwa hajui TLD, kile kidonge kimoja chenye dolutegravir, ni nini.

Ndiyo maana nasisitiza mwelekeo. Kumwingiza mwenye presha kwenye utaratibu wa CTC ni jambo moja. Kumtupa mteja wa CTC kwenye foleni ya OPD, ile ya wagonjwa wa nje, saa 12 asubuhi, pamoja na wa malaria na aliyeanguka na bodaboda, ni jambo jingine kabisa, na linapoitwa kwa jina lilelile tunadanganyana. La kwanza linapanua utaratibu. La pili linaufuta, na linafanywa kwa sababu pesa zimeisha. Serikali isiyo na pesa iseme haina pesa. Itaeleweka.

Pingamizi ninalolisikia zaidi kutoka kwa wauguzi linahusu muda, na wanasema kweli. Kupima presha vizuri, mtu akiwa amekaa na kutulia, kunachukua dakika 5. CTC yenye wateja 60 kwa siku inahitaji saa 5 za mtu mmoja kwa kazi hiyo peke yake, kabla hata hujamwuliza mtu chumvi anakulaje. Waraka kutoka juu unaoagiza tu kwamba kila mteja apimwe utazaa kile tunachokijua: safu nzima ya 120 kwa 80 iliyojazwa jioni kwa mwandiko mmoja. Lakini mashine ya presha ya siku hizi haihitaji stethoskopu wala diploma. WAVIU mshauri aliyefundishwa siku 2 anaweza kuifanya kazi hiyo, na nesi akabaki na wale ambao namba zao zimepanda. Tena wengi sasa wanakuja mara 2 kwa mwaka, kwa hiyo foleni yenyewe imepungua kuliko zamani.

Tumeshafanya mambo magumu kuliko hayo. Maswali ya kifua kikuu yaliingia CTC na leo hakuna anayeshangaa kuulizwa kama anatoka jasho usiku. Kipimo cha awali cha saratani ya mlango wa kizazi, kile cha siki, nacho kiliingia, kwa sababu mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara 6 zaidi ya mwenzake. Vyote viwili viliwezekana kwa sababu vilikuja na namba ya kuripotiwa na mtu wa kuulizwa. Hakuna mganga mkuu wa wilaya anayeulizwa ni wagonjwa wake wangapi wa presha wako chini ya 140 kwa 90. Akiulizwa mara mbili mfululizo kikaoni, mbele ya wenzake, ya tatu atakuja na jibu.

Kilichobaki ni dawa, na hapa sina subira. Ukimpima mtu presha, ukamwambia iko juu, kisha ukamwandikia karatasi ya kwenda kununua, umemwongezea wasiwasi tu. Kila familia nchini inaijua sentensi ile ya dirishani: hiyo hatuna, kanunue nje. Hata wazee wa miaka 60 na zaidi wenye haki ya matibabu bure huisikia. Tangu mpango wa dawa za bure uanze, ARV haziuzwi kwa mgonjwa katika kituo cha umma, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya zile asilimia 94. Ushauri nasaha unafuata kwa mbali. Amlodipine na metformin ni dawa zilizokwisha muda wa hataza zamani, za viwanda vingi, za bei ya chini. Bohari ya Dawa haishindwi kuzijua.

Kuna swali la haki pia ambalo semina nyingi hulikwepa. Wawili wamekaa benchi moja, wana presha ileile. Mmoja ana VVU, mwingine hana. Mfadhili akikubali kununua amlodipine ya wateja wa CTC tu, yule wa kwanza atatoka na pakiti na wa pili atatoka na karatasi. Utakuwa umerudisha unyanyapaa kwa mlango wa nyuma, maana kila anayepewa bure atajulikana kwa nini. Kanuni lazima iwe moja kwa wote wawili, na kanuni moja kwa wote haiwezi kulipiwa na mradi wa VVU. Ni kazi ya bajeti ya serikali na ya ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kwangu, kipimo cha kwanza cha sheria hiyo ni dirisha la dawa la zahanati ya kata, siku ya 28 ya mwezi.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji mfadhili. Mwenye VVU ambaye presha yake imetulia apewe dawa za presha za miezi ileile anayopewa ARV, tarehe ileile, kwenye kadi ileile. Yule mama wa benchi angeokoa safari 10 kwa mwaka.

Siku ile tulipofika mbele, nesi alimpima kwa mashine iliyofungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza, isije ikatembea. Ilionyesha 162 kwa 98. Nilimuuliza kama kituo ndicho kinachonunua betri. Akacheka, akasema hizo zilizomo alinunua yeye, pamoja na za rimoti ya nyumbani kwake.